Makumbusho, kituo cha utamaduni, au vyote viwili: ulinganisho kwa wanaoanzisha taasisi ya mkoa

Kamati nyingi za mikoa huanza na jengo. Kiwanja kimepatikana, mchoro umeshachorwa, na kinachobishaniwa ni jina la kuandika getini. Jina hilo lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Makumbusho yanapopokea kitu, yameahidi kukitunza daima. Kituo cha utamaduni hakibebi ahadi hiyo. Chenyewe kimeahidi kwamba wiki ijayo, na ile inayofuata, kutakuwa na jambo la kuja kufanya. Ahadi ya kwanza hula fedha hata mlango ukiwa umefungwa. Ya pili hula fedha mlango ukiwa wazi.

Tafsiri rasmi inasema hivyohivyo kwa lugha ya kiofisi. Baraza la Kimataifa la Makumbusho (ICOM), lililoanzishwa mwaka 1946, lilipitisha tafsiri mpya jijini Prague mwezi Agosti 2022: makumbusho ni taasisi ya kudumu isiyolenga faida, inayoihudumia jamii kwa kutafiti, kukusanya, kuhifadhi, kufafanua na kuonyesha urithi unaoshikika na usioshikika. Wenye haraka husoma neno "kuonyesha" na kuishia hapo, ilhali maneno yenye gharama ni "ya kudumu", "kukusanya" na "kuhifadhi". Kituo cha utamaduni hakina tafsiri moja inayokubalika duniani, na hiyo ni nafuu kwenu: mnaweza kukipa kazi inayolingana na mkoa wenu bila kumkosea mtu.

Hapa tunalinganisha njia nne: makumbusho yenye mkusanyo, kituo cha utamaduni kisicho na mkusanyo, vyote viwili chini ya paa moja, na huduma isiyotegemea jengo kubwa. Tutakaa zaidi kwenye mkusanyo, kwa sababu ndiko taasisi nyingi ndogo zinakokwama.

Mkusanyo: kinachofuata baada ya kusema "tumepokea"

Mzee analeta kigoda cha babu yake. Mkikipokea kama makumbusho, kuna mlolongo usiorukika. Kwanza, hati ya kukabidhi, iliyosainiwa na mtu mwenye haki ya kukitoa, ikieleza wazi kama ni zawadi, mauzo au mkopo wenye tarehe ya kwisha. Pili, karantini: chumba tofauti, au hata sanduku lililofungwa vizuri, ili wadudu waliomo wasifike kwenye vitu vingine. Tatu, kukiandika kwenye daftari la usajili na kukipa namba. Mtindo unaofahamika ni wa sehemu tatu: mwaka, fungu lililopokewa, na kitu chenyewe, kwa mfano 2025.4.2. Nne, picha zenye kipimo pembeni, pamoja na maelezo ya hali yake: ufa uko wapi, mguu upi umelegea. Tano, mahali pake ghalani, paandikwe.

Kwa maelezo ya msingi, kiwango cha Object ID kinatosha kuanzia. Kilitangazwa mwaka 1997 ili kusaidia polisi na forodha kutambua vitu vilivyoibwa, na hivi sasa kinasimamiwa na ICOM. Kinataka aina ya kitu, malighafi na ufundi, vipimo, maandishi au alama, sifa za kukitofautisha na vingine vya aina yake, jina lake, kinachochorwa au kuwakilishwa, tarehe au kipindi, na aliyekitengeneza, pamoja na picha. Fomu ya ukurasa mmoja inabeba yote hayo. Kitu kikiibwa bila fomu hiyo, polisi hawana cha kutafuta.

Namba yenyewe, ikiandikwa vibaya, huharibu kitu. Rangi ya kucha huchakaa na kubanduka, selotepu huacha gundi inayogeuka kahawia, na wino wa kusahihishia makosa hubanduka pamoja na namba. Kwenye mbao, vyombo vya udongo au chuma kisicho na kutu, pakeni utando mwembamba wa Paraloid B-72 (plastiki angavu inayotumiwa na wahifadhi) iliyoyeyushwa kwa asetoni, acheni ukauke, andikeni kwa wino wa kudumu, kisha utando mwingine juu. Nguo na mikeka hushonewa kipande cha utepe wa pamba kilichoandikwa namba. Karatasi huandikwa kwa penseli laini, upande wa nyuma, pembeni.

Hesabu ya muda ni hii. Ukikadiria nusu saa tu kwa kila kitu, vitu 1,000 ni saa 500, yaani siku 62 za kazi za mtu mmoja asiyefanya lingine lolote. Kamati ikitangaza "leteni vitu vya kale" kabla ya kuwa na mtu huyo, ndani ya miezi michache patakuwa na chumba kilichojaa vitu visivyo na majina. Hilo ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote, na kulisahihisha ni kazi kubwa, kwa kuwa waliovileta wengine wametangulia mbele ya haki na warithi wao hawakubaliani.

Mtego mwingine ni "tutunzieni tu". Mkopo usio na tarehe huwafanya mlinde mali ya mtu bila kikomo, bila ruhusa ya kuitibu wala kuirudisha. Wekeni mwisho, mwaka mmoja au mitatu, na mkopo uhuishwe kwa saini.

Mwanga, unyevu na wadudu

Madhara ya mwanga hujumlishwa na hayarudi nyuma. Kitambaa kilichopauka hakirudi rangi hata ukikifungia gizani. Kipimo kinachotumika ni luksi: takribani 50 kwa nguo, karatasi, manyoya na ngozi zilizotiwa rangi, takribani 200 kwa picha za rangi ya mafuta, mbao na pembe; mawe, vyuma na vyungu visivyopakwa rangi havidhuriki sana. Mionzi ya urujuanimno isizidi maikrowati 75 kwa lumeni. Taa nzuri za LED hutoa kidogo sana ya mionzi hiyo, hivyo adui mkubwa ni dirisha.

Sasa pigeni hesabu. Kanga ya zamani ikionyeshwa kwa luksi 50, saa 8 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, inapata luksi-saa 120,000. Chumba cha kufumia au kuchorea kinahitaji kama luksi 500 ili watu waone wanachofanya. Kanga hiyohiyo ikitundikwa humo kama pambo, itakula dozi ya mwaka mzima ndani ya siku 30. Na jua kali la mchana, ambalo hufika luksi 100,000, litamaliza kazi hiyo kwa saa moja na ushei. Mambo mawili ya kufanya: kubadilisha vitu kwa zamu, miezi mitatu au minne kila kimoja kisha kipumzike ghalani, na kutundika nakala pale ambapo watu wanahitaji kuona vizuri. Pimeni kwa kifaa cha kupimia mwanga. Programu za simu hutofautiana mno.

Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 hadi 70 kwa siku kadhaa, kuvu huota. Ukishuka sana, mbao hupasuka na ngozi ya ngoma hukaza hadi kuchanika. Ila kinachoua zaidi ni kupanda na kushuka. Mfano wa kawaida ni kiyoyozi kinachowashwa asubuhi kwa ajili ya wageni na kuzimwa jioni kuokoa umeme: kila siku mbao zinanywea na kuvimba, mwaka mzima. Chumba chenye kuta nene, paa lenye kivuli na feni ya kusogeza hewa taratibu ni bora kuliko kiyoyozi cha nusu siku. Wekeni kipimo cha unyevu ghalani na kingine ukumbini, namba ziandikwe kila siku saa ileile. Baada ya misimu yote kupita ndipo mnunue mashine, mkiwa mnajua mnapigana na nini.

Kuhusu wadudu, dawa ya kupulizia isiwe ya kwanza. Usafi, mitego ya gundi kando ya kuta, na ukaguzi wa kila wiki huwahi kuona unga wa mbao mapema. Kitu kilichoshambuliwa na kinachovumilia baridi, kama nguo, vikapu na mbao zisizopakwa rangi, hufungwa ndani ya nailoni nene isiyopitisha hewa na kuwekwa kwenye friza: wiki moja hadi mbili kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, au siku tatu kwa nyuzi 30 chini ya sifuri. Ukishakitoa usifungue nailoni hadi saa 24 zipite, la sivyo mvuke wa chumba utatonesha maji juu ya kitu chenyewe. Picha za rangi, vioo na pembe zisiingie humo. Friza za nyumbani ambazo haziteremki zaidi ya nyuzi 18 chini ya sifuri hufanya kazi kwa kusuasua, na baadhi ya mayai ya wadudu hupona.

Ghala nalo lina mtihani mwepesi. ICCROM, shirika la kimataifa la mafunzo ya uhifadhi lenye makao Roma, limeandaa utaratibu uitwao RE-ORG kwa ajili ya makumbusho madogo yaliyozidiwa na ghala. Vigezo vyake viwili vinafaa kubandikwa ukutani: kila kitu kiweze kupatikana ndani ya dakika tatu, na kifikiwe bila kusogeza zaidi ya vitu vingine viwili. Ongezeni la tatu: rafu ya chini kabisa iwe angalau sentimita 15 juu ya sakafu, kwa sababu mafuriko mengi ya ghalani ni ya bomba lililopasuka, na maji ya sentimita tano yanatosha kuharibu kila kilicholala chini.

Kituo cha utamaduni: gharama iko kwenye watu na ratiba

Huku hakuna kitu cha kupauka. Kuna ukumbi, vyumba vya kufundishia na kalenda. Ukumbi mbaya hauna dawa rahisi, kwa hiyo anzieni hapo.

Mchezaji ngoma anahitaji kama mita za mraba nne. Kundi la watu 30 ni mita 120, bila watazamaji. Viti vinadai takriban mita moja ya mraba kila kimoja ukijumlisha njia. Dari isiwe chini ya mita nne, la sivyo miruko na fimbo zitapiga taa. Sakafu ya zege iliyotandikwa vigae inang'aa kwenye picha za ufunguzi, kisha huumiza magoti na mifupa ya miguu ya wachezaji wanaokuja mara tatu kwa wiki. Mbao zilizolazwa juu ya mirunda, zenye uwazi chini yake, hunesa na hazitelezi.

Sauti ndiyo inayosahaulika. Ukumbi mtupu wa zege huufanya mwangwi udumu sekunde tatu na zaidi, ambapo msimulizi haeleweki hata akiwa na kipaza sauti. Mazungumzo yanataka karibu sekunde moja. Kuongeza ukubwa wa spika kunazidisha tatizo. Dawa ni kufunika sehemu ya dari na ukuta wa nyuma kwa vitu vinavyomeza sauti: paneli za sufi za madini zilizovikwa kitambaa, mapazia mazito yenye mikunjo, hata mikeka minene iliyoachwa nafasi kutoka ukutani. Nyaya za umeme za sauti ziwe kwenye njia yake, mbali na za taa, ili spika zisivume.

Kisha kalenda. Kituo huanguka kwa namna mbili zinazokaribiana. Ya kwanza ni kukodishwa kwa sherehe hadi vikundi vya mkoa vikose Jumamosi hata moja. Ya pili ni kikundi kimoja kushika funguo na kukifanya kituo chake. Zote mbili huzuiwa kabla mwaka haujaanza: siku za vikundi hufungwa kwanza kwenye kalenda, kila kikundi kikiwa na kikomo cha saa, na zinazobaki ndizo zikodishwe. Meneja akisema kwamba mapato ya kukodisha yatalipia kila kitu, muulizeni nani atacheza ngoma Jumatano. Kukodisha hulipa umeme na usafi. Mishahara ya walimu wa ngoma, wafumaji na wasimulizi inahitaji fungu lake.

Angalizo moja, kwa sababu linawanasa hata wenye uzoefu. Kituo kinachorekodi wazee wakiimba au kusimulia kimeanza kuwa na mkusanyo, kipende kisipende. Sauti inataka utunzaji wake: faili la WAV lisilobanwa, lenye kina cha biti 24, nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, moja ikiwa mji mwingine, na ukaguzi wa kila mwaka kwamba zinafunguka. Fomu ya ridhaa iwe na chaguo la kweli: kusikilizwa kituoni tu, kutumika shuleni, kuwekwa intaneti, au kufungwa kwa muda. Kuna nyimbo za jando ambazo mwimbaji atakubali zihifadhiwe lakini zisisikilizwe na kila mtu. Asipopewa kisanduku cha kuweka alama, ama atakataa yote ama atajuta baadaye.

Chini ya paa moja

Ni chaguo linalopendwa na wafadhili, na lina historia ndefu. Nyumba ya utamaduni ya kwanza ya Ufaransa, iliyofunguliwa na waziri André Malraux huko Le Havre mwaka 1961, ilikuwa makumbusho na nyumba ya utamaduni katika jengo moja. Baadaye viliachana: tangu 1982 nyumba ya utamaduni ikawa na jengo lake lililobuniwa na Oscar Niemeyer, na lile la awali likabaki makumbusho ya sanaa.

Sababu za kugongana ni za kimwili. Mtu aliyekaa hutoa kama gramu 50 za maji kwa saa kwa pumzi na jasho; watu 200 ni lita 10 kila saa, na ngoma ikikolea huwa mara kadhaa ya hapo. Maji hayo yote yanaingia kwenye hewa, na kama ukumbi na chumba cha maonyesho vinatumia mfereji mmoja wa hewa, yanaishia kwenye mikeka na ngozi. Ngoma na spika hutetemesha rafu za kioo hadi vitu vyepesi vitembee taratibu na kuanguka. Chakula cha hafla huleta panya na mende. Na tumeshaona: mwanga wa kufanyia kazi ni mara kumi ya mwanga wa nguo.

Kwa hiyo paa moja linawezekana kwa masharti. Hewa ya ghala na ya maonyesho isichanganyike na ya ukumbi. Kati yao kuwe na milango miwili yenye kijia katikati. Jiko na vyoo visiwe juu ya ghala wala visipakane nalo, kwa sababu bomba litavuja siku moja. Bajeti ziwe mbili, kila moja na msimamizi wake. Hili la mwisho tunalisisitiza kuliko mabomba: bajeti ikiwa moja, tamasha lenye tarehe na mgeni rasmi litashinda kila mara dhidi ya ghala ambalo halina sauti.

Faida yake kubwa ni kitu kurudi kazini. Ngoma ya mkusanyo inaweza kupigwa kwenye sherehe ya wenyewe, kinyago kikatoka kwa siku moja. Makubaliano yaandikwe kabla: nani anakibeba, hali yake kabla na baada, kitalala wapi. Vitu vilivyokaa kwenye makumbusho ya zamani, hasa vinavyorudishwa kutoka ng'ambo, vishukiwe kuwa vilipakwa sumu ya wadudu. Aseniki, zebaki na DDT zilitumika kwa miongo mingi. Kinyago cha namna hiyo kisivaliwe usoni hadi kipimwe maabara. Kukifuta vumbi si kipimo.

Bila jengo kubwa

Mkoa wenye watu waliotawanyika una njia nyingine ambayo kamati huiweka mwisho, nasi tungeiweka mapema. Makumbusho ya taifa ya Botswana yalianza miaka ya 1970 kupeleka maonyesho vijijini kwa gari, huduma iitwayo Pitse ya Naga, yaani pundamilia. Faida ni dhahiri. Matatizo nayo yanajulikana: barabara mbovu hutikisa vitu hadi vivunjike, vumbi hupenya kila sanduku, na gari likiharibika huduma nzima imelala. Pelekeni nakala na vitu vigumu vya mafunzo vinavyoshikwa na watoto. Vitu halisi vibaki. Masanduku yawe na mpira laini uliokatwa kwa umbo la kila kitu, na watu wawili waweze kulibeba kila moja, maana kule mwisho wa safari hakuna kreni.

Nchini Vanuatu, kituo cha utamaduni cha taifa kimetegemea tangu miaka ya 1970 mtandao wa wanakijiji wanaojitolea, kila mmoja akirekodi mila za kwao, na hukutana kila mwaka makao makuu. Mfumo huo unafaa visiwa na milima. Unagharimu mafunzo, vifaa vya kurekodia na nauli, na huvurugika mkutano wa mwaka ukikosekana, kwa kuwa ndio unaounganisha watu.

Kuna pia maonyesho ya wazi. Skansen ya Stockholm, aliyoianzisha Artur Hazelius mwaka 1891, ndiyo iliyoeneza mtindo wa kukusanya nyumba za jadi uwanjani, na Makumbusho ya Kijiji jijini Dar es Salaam hufuata njia hiyo kwa nyumba za makabila ya Tanzania. Wanaoiga hudhani ni rahisi kwa kuwa hakuna ukuta wa zege. Nyumba ya udongo na nyasi ni kitu kinachooza kwa maumbile yake: inakandikwa upya baada ya masika, inaezekwa upya kila baada ya miaka michache, na mchwa hawapumziki. Ikiwa hamna mafundi wenye ujuzi huo kwenye orodha ya malipo, msijenge nyumba kumi. Jengeni mbili, na kazi ya kuzikarabati iwe ndiyo somo la wazi kwa wageni.

Na kwa wale wenye jengo kuukuu tu, kuna mfano wa Anacostia jijini Washington. Mwaka 1967 taasisi ya Smithsonian ilifungua makumbusho ya mtaa ndani ya jumba la sinema lililoachwa, bila mkusanyo wa maana. Mwaka 1969 yakaandaa maonyesho kuhusu panya, wakiwemo panya hai, kwa kuwa wakazi walisema hilo ndilo linalowasumbua. Makumbusho mengi yenye vitu vingi hayajawahi kuwauliza watu wao swali hilo.

Kwa mkato, upande kwa upande

| | Makumbusho | Kituo | Paa moja | Bila jengo |
|---|---|---|---|---|
| Fedha huenda wapi | ghala, usajili, ulinzi | walimu, sauti, umeme | kote kuwili, bajeti mbili | gari au nauli, masanduku |
| Mtu wa kwanza kuajiri | msajili wa mkusanyo | mratibu wa ratiba | wote wawili | dereva anayeweza kueleza |
| Kinachoharibika kwanza | kumbukumbu za vitu | haki ya kutumia ukumbi | hewa ya ghala | gari |
| Kufunga shughuli | kugumu sana | kwepesi | kugumu | kwepesi |

Mstari wa mwisho unastahili neno. Kituo kikishindwa, mnarudisha funguo. Makumbusho yakishindwa, kila kitu kinahitaji pa kwenda. Kanuni za maadili za ICOM hazikubali mkusanyo uchukuliwe kama akiba ya kuuzwa shida ikiingia, na fedha za kitu kilichotolewa kihalali zinapaswa kurudi kwenye mkusanyo. Kwa hiyo katiba ya taasisi itaje tangu siku ya kwanza ni taasisi gani nyingine itapokea vitu iwapo yenu itafungwa, na taasisi hiyo iwe imekubali kwa barua.

Tungechagua vipi

Kama tayari mna vitu, vimeandikwa, na kuna mshahara wa msajili kwenye bajeti ya serikali au wakfu usiotegemea mradi wa miaka mitatu, anzisheni makumbusho. Yawe madogo. Ghala na chumba cha kazi visipungue ukubwa wa chumba cha maonyesho. Wasanifu hupenda kugeuza uwiano huo.

Kama utajiri wa mkoa uko vinywani na mikononi mwa watu, yaani ngoma, mashairi, ufumaji na tiba, kituo kitawafaa zaidi, na mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi usioshikika umejengwa juu ya wazo hilohilo la kuulinda urithi kwa kuendelea kuutenda. Mtu akileta kigoda, mpigieni picha na kumrekodi akieleza historia yake, kisha mpeni nakala ya picha arudi nacho nyumbani.

Kama mna vyote na fedha za kimoja, anzeni na kituo, mtenge chumba kimoja kinachofungwa, chenye kipimo cha unyevu, na msipokee kitu kwa miezi 12. Andikeni namba za unyevu kila siku, masika na kiangazi. Mwaka ukiisha mtakuwa na jedwali la kumwonyesha msanifu yeyote, na mtajua kama yupo mtu wa kulijaza siku za sikukuu. Asipokuwepo, chumba kibaki cha mazoezi.

Kama watu wenu wanaishi zaidi ya nusu siku ya safari kutoka makao makuu, tengeni fungu la kuwafuata kabla ya kununua saruji, na gari lichaguliwe kwa upatikanaji wa vipuri vyake mkoani.